Wageni wa Mama Aliyepasuliwa Wapangwe Kabla ya Tarehe

Kuzaa kwa upasuaji uliopangwa kuna jambo moja ambalo uzazi mwingine hauna: siku yake inajulikana. Daktari humtajia mama na mume wake tarehe ya kuingia hospitali, kwa kawaida karibu na wiki ya 39 ya mimba, kwa sababu mtoto anayetolewa mapema kuliko hapo huweza kusumbuliwa na pumzi. Sababu za kupanga upasuaji zinajulikana katika kila maternite: mama amekwisha kupasuliwa mara mbili au tatu, kondo limeziba njia ya mtoto, mtoto amelala kikingama, au kuna ugonjwa unaofanya uchungu uwe hatari. Familia ya Uvira, katika Kivu Kusini ya Kongo, huutumia muda wa kungojea tarehe hiyo kutafuta pesa, kununua sabuni na vitenge, na kumwita mdogo wa mama atoke Makobola aje kuangalia watoto wa nyumbani. Wageni hawapangwi. Huachwa waje kila mtu anavyojua.

Desturi ya kukimbilia hospitali ina chanzo chake. Kwa miaka mingi, kuanzia milima ya juu hadi uwanda wa Ruzizi, upasuaji wa uzazi ulikuwa jambo la kufa na kupona. Mama alibebwa kwa kipoyi kutoka mlimani, akafika hospitali nguvu zimekwisha. Daktari Denis Mukwege alianza kazi mwaka 1983 katika hospitali ya Lemera, wilayani Uvira, na kuwaona akina mama wa namna hiyo ndiko kulikomfanya aende Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake. Lemera ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999, ilikusudiwa tangu mwanzo kuwapa akina mama mahali pa kujifungulia na kupasuliwa. Katika historia kama hiyo, ukoo uliosikia kwamba binti yao amepasuliwa ulikimbia kwenda kuona kama bado yu hai. Mbio zile zilikuwa na maana. Kwa upasuaji uliopangwa mambo ni tofauti: mama ameingia kwa miguu yake, ameandaliwa, na watu anaowahitaji saa ile ni wachache sana.

Hata hivyo, kuwafungia watu wote mlango kungekuwa kosa. Hospitali nyingi za Kivu hazipiki chakula cha wagonjwa wala hazifui nguo zao. Kazi hiyo ni ya mlinzi wa mgonjwa, yule ndugu anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Bila yeye mama hana maji ya kunywa, hana wa kumpokea mtoto mkononi, wala wa kumwita muuguzi usiku wa manane. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama anayejifungua awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, na hata mwaka 2020, korona ilipozifanya hospitali za nchi nyingi zifunge milango, shirika hilo lilishikilia pendekezo hilo. Mlinzi si mgeni, na sheria ya wageni isimguse.

Faida ya mtu mmoja mwenye kazi inaonekana hata katika taarifa za zamani za eneo la Maziwa Makuu. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia mama akipasuliwa na wataalamu wa kienyeji mahali paitwapo Kahura, katika Bunyoro ya Uganda ya leo. Mama alipewa mvinyo wa ndizi, kidonda kikabanwa kwa pini za chuma, na siku ya 11 kilikuwa kimepona. Taarifa yake, iliyochapishwa mwaka 1884, inasema mtoto aliwekwa kwenye ziwa la mama saa mbili baada ya upasuaji, lakini maziwa yalikuwa machache, na rafiki wa mama ndiye aliyemnyonyesha zaidi. Siku hizi mtoto hapewi ziwa la mwingine hivi hivi, kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Lakini rafiki yule alifika pale akiwa na kazi ya kufanya, na hicho ndicho kipimo kizuri cha kumpima mgeni wa siku ya kwanza.

Saa 24 za kwanza ndizo za kulindwa kuliko zote. Mama amechomwa sindano ya mgongo, na miguu inamrudia polepole. Ana mpira wa mkojo, ana serumu mkononi. Kila baada ya muda muuguzi huja kupima presha, kubonyeza tumbo ili aone kama mfuko wa uzazi umekaza, na kuangalia damu inayotoka. Kazi hiyo haifanyiki bila kufunua nguo. Mashemeji watatu wakiwa wamesimama miguuni pa kitanda, muuguzi ama anawatoa, ama anasema atarudi baadaye, na hapo pa kurudi baadaye ndipo penye hatari. Kuvuja damu ndiko kunakoongoza kuua akina mama wazazi duniani, na huonwa na aliyefunua shuka kwa wakati. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama baada ya kupasuliwa ni mara 50 zaidi ya vile vya nchi tajiri, na damu ni moja ya sababu kubwa. Mjomba anaweza kungoja kesho. Kipimo cha presha hakingoji.

Saa hizo ndizo pia za kuanza kunyonyesha. Mtoto hutakiwa kuwekwa kifuani ndani ya saa ya kwanza, ngozi kwa ngozi, naye aliyepasuliwa huhitaji kusaidiwa zaidi kwa sababu hawezi kuketi wala kugeuka peke yake. Maziwa ya kwanza ni ya manjano, mazito na machache, na yanamtosha mtoto. Maziwa mengi huja baada ya siku mbili hadi tano, na baada ya upasuaji huweza kuchelewa kidogo zaidi. Hapa ndipo wageni wanapoharibu bila kukusudia. Mama anavuta kitenge kujifunika kwa sababu kaka wa mume yuko mbele yake, mtoto analia, shangazi anasema kwa huruma kwamba binti hana maziwa, na mwingine anatoka kwenda kununua sukari ya kuchanganya na maji. Maji hayo, katika mji kama Uvira, huweza kumletea mtoto kuhara, na tumbo lililojaa maji halina tena hamu ya ziwa. Mkunga mmoja na saa moja ya utulivu vingemaliza tatizo.

Maumivu yana habari yake pia. Mgeni akikaa pembeni mwa godoro, godoro linabonyea na mshono unavutwa. Mama akichekeshwa anaumia, akikohoa anaumia, ndiyo maana wauguzi humfundisha kukunja kitenge na kukibana juu ya kidonda kila anapotaka kukohoa au kuinuka. Siku ya pili huambiwa atembee ili damu isigande miguuni. Huwa anainama, hatua fupi, mkono ukutani. Ukumbi uliojaa watu na masufuria humfanya aone haya arudi kitandani. Wanaompenda kweli wangempisha njia.

Kisha kuna magonjwa. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Somo hilo halijachakaa. Uvira ni kati ya miji ya Kongo ambako kipindupindu hakiondoki, kikija na kurudi mwaka hadi mwaka, na mafuriko ya Aprili 2020 yaliharibu hata miundombinu ya maji ya mji. Ndugu anaweza kutoka kumuuguza mtu wa kipindupindu, akapita maternite kumsalimu mzazi kabla ya kurudi nyumbani. Tena kuna mpox. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, baada ya aina mpya ya virusi vyake kuenea kutoka Kamituga, katika jimbo hili hili la Kivu Kusini. Ugonjwa huo huenea kwa kugusana ngozi, nao ni mkali kwa watoto wachanga. Kumbusu mtoto wa siku moja, kumpitisha mkono hadi mkono kwa watu wanane, ni desturi ambayo inafaa isimamishwe kwa wiki chache. Bidoni la maji lenye bomba, sabuni na beseni viwekwe mlangoni, na kama hospitali haina, familia ilete vyake.

Jambo jingine husahaulika kabisa: chumba si cha mama mmoja. Katika maternite nyingi za umma vitanda vimefuatana, na kitanda cha tatu kutoka mlangoni huenda kina mama ambaye mtoto wake amezaliwa amekufa. Amelala kimya, amegeukia ukuta, ziwa linamjaa bila wa kulinyonya. Wamama wa kanisa wanaingia na nyimbo za shukrani, vigelegele vinapigwa, mtoto anainuliwa juu ili wote waone. Hakuna aliyetaka kumtesa yule wa pembeni, hawakujua yupo. Nyimbo zingojee nyumbani. Kwaya itume watu wawili waombe kwa sauti ya chini, na sala itafika vile vile.

Kwa hiyo mpango ufanywe nyumbani, wiki moja au mbili kabla ya tarehe. Jambo la kwanza ni kumchagua mwenye mlango. Mume hafai, kwa sababu hawezi kumwambia shangazi yake atoke. Muuguzi naye ana vitanda vingi. Anayefaa ni mwanamke mkubwa anayeheshimiwa na pande zote mbili, mara nyingi mama mkwe mwenyewe. Akiambiwa mapema kwamba yeye ndiye mwenye mlango, anakuwa wa kwanza kuilinda sheria ambayo angeweza kuwa wa kwanza kuivunja. Maneno yake yanajulikana: "Asanteni kwa kuja, mama amelala, mtoto mzima, tutaonana nyumbani." Yeye haonekani mkali, na mama haonekani mwenye majivuno.

Siku ya upasuaji waingie mume, mlinzi, na bibi wa pande mbili kwa muda mfupi. Ndugu wa karibu waje siku ya pili, wawili wawili, saa za kutembelea wagonjwa. Majirani wa Mulongwe na Kalundu, wa kazini na wa kanisani, wasubiri mama arudi kwake. Watoto wadogo na mwenye kikohozi, homa au vipele wasiingie kabisa. Ratiba hiyo isiwe ngumu kupita kiasi. Aliyetoka Baraka kwa mtumbwi wa mota, au Sange kwa barabara mbovu, au aliyevuka mpaka wa Kavimvira akitokea Bujumbura, hawezi kurudishwa mlangoni. Huyo aingie, asalimie akiwa amesimama, amtazame mtoto, kisha aende kulala nyumbani ambako chakula kimeandaliwa kwa ajili yake. Kumpokea nyumbani kwa heshima ndiko kutakakomwondolea uchungu wa kukaa hospitali dakika chache.

Chakula kiwe na mpishi mmoja kwa siku. Bila hivyo, sufuria tano za bugali, sombe na mukeke hufika kwa wakati mmoja, na kesho yake hakuna uji. Mama aanze kula pale wauguzi watakapomruhusu, vitu vyepesi kwanza, na kila chungu kipitie kwa mlinzi.

Mchango wa pesa ndio msaada ambao hauhitaji mtu kuingia chumbani. Serikali ilizindua mpango wa kujifungua bure mjini Kinshasa Septemba 2023 na kuanza kuupeleka mikoani, lakini familia nyingi za Kongo bado hulipa, na kuna akina mama wanaozuiliwa hospitali baada ya kupona kwa sababu ya deni. Dola kumi zilizotumwa kwa M-Pesa au Airtel Money kwa mtu mmoja anayeaminiwa, anayeandika majina kwenye daftari, zina uzito kuliko wageni kumi wa mikono mitupu. Na jina lililoandikwa daftarini ni heshima tosha kwa asiyefika.

Hospitali nazo zina sehemu yao. Saa za kutembelea wagonjwa ziandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa kwenye lango, ziwe zile zile kila siku, na mwenye lango asipokee matabishi. Sheria inayonunuliwa humkasirisha maskini aliyezuiliwa na haimlindi mzazi. Wakunga wamweleze mama habari za wageni siku ile ile wanayompa tarehe, mume wake akiwepo.

Mama akitoka hospitali, wageni wote walioambiwa wasubiri watafika nyumbani, na hapo kazi yao inaanza: kuchota maji, kufua, kupika, kwa maana kwa wiki sita hatakiwi kubeba kitu kizito kuliko mtoto wake. Mgeni atakayemkuta ana homa, damu nyingi, maumivu ya mguu mmoja uliovimba, au kidonda kinachotoa usaha, asimtafutie dawa dukani. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.