Satelaiti juu ya Ziwa Mweru: nani atafikiwa?

Tangu makaazi ya wakimbizi ya Mantapala yafunguliwe mwaka 2018 wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika wameishi karibu na kwao pasipo kurejea. Ng'ambo ya Ziwa Mweru uko mji wa Kilwa. Ncha ya kaskazini, Pweto. Kwa familia zilizotenganishwa na maji hayo, simu ndiyo daraja.

Daraja hilo sasa linajengwa angani. Satelaiti za mawasiliano za mfumo wa zamani hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti huchelewa kufika. Zile za Starlink, mtandao wa kampuni ya Kimarekani ya SpaceX, huzunguka kilomita mia kadhaa tu, na sahani ndogo yatosha kuzipokea. Hatua inayofuata ni satelaiti kuwasiliana na simu ya mkononi moja kwa moja, bila mnara. Desemba 2025, Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX ya kuifikisha huduma hiyo katika nchi 14, zikiwemo Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuanzia mwaka 2026.

Hata hivyo, historia fupi ya ziwa hili yatoa tahadhari. Satelaiti ile ile hupita juu ya kingo zote mbili, lakini Zambia iliipokea Starlink Oktoba 2023, ilhali Congo ilipiga marufuku matumizi yake Machi 2024 na kutoa leseni Mei 2025 pekee. Kilichowatenga wakaazi wa ukingo wa magharibi hakikuwa umbali wala mitambo, bali uamuzi wa serikali.

Kwa mkimbizi, vizuizi ni vingi zaidi. Sahani yahitaji umeme na ada ya kila mwezi. Huduma ya moja kwa moja ilipangwa kuanza kwa ujumbe wa maandishi na data kidogo, tena kwa simu janja zinazoafiki. Mwenye simu ya kitochi atabaki nje. Na laini husajiliwa kwa kitambulisho.

Kwa hiyo suala la Mantapala litaamuliwa mezani kabla ya kuamuliwa angani. Wasimamizi wa mawasiliano wa Lusaka na Kinshasa wanayo nafasi ya kudai, wakati wa kutoa vibali, kwamba kadi ya mkimbizi itambuliwe na kwamba shule na zahanati za mpakani ziunganishwe kwa bei nafuu. Kibali kikishatiwa saini, kuyadai hayo huwa vigumu zaidi.