Bei ya Tahadhari

Siku ya pili ya mwezi huu, asubuhi na mapema, nilipokuwa nimeketi barazani na kikombe cha kahawa mkononi, simu yangu ililia ikaniletea ujumbe mfupi usio na salamu wala jina la aliyeuandika, ukiniambia kwamba ile hela niitume kwenye namba hii, na jina litakuja la fulani bin fulani. Msomaji hana haja ya kuelezwa zaidi, maana ni nadra kumwona Mtanzania mwenye simu ambaye hajapata kuupokea ujumbe wa namna hiyo, na wengi wetu tumeuzoea kama tulivyowazoea mbu wa masika. Walakini asubuhi ile sikuufuta upesi. Jana yake nilikuwa nimepatana na mwenye nyumba wangu kwamba nitampelekea kodi ya miezi mitatu, na kwa kitambo cha pumzi mbili tatu moyo wangu ulisadiki kwamba aliyeniandikia ndiye yeye.

Pumzi hizo mbili tatu ndizo mtaji wa tapeli. Watu humdhania kuwa ni ayari mwenye kuzijua siri za nyumba zetu, kumbe hajui lolote. Yeye ni kama mvuvi wa jarife, asiyemjua samaki hata mmoja, ila anajua kwamba bahari ina samaki. Tuseme amepeleka maneno yaleyale kwa watu elfu. Wengi wao hawadaiwi na mtu siku hiyo, nao watacheka. Wachache wanadaiwa, na wengi wa hao watapiga simu kuuliza. Yeye anamngoja mmoja tu, ambaye hela iko tayari, mdai yuko njiani, na mtoto analia mgongoni. Ujumbe gharama yake ni ndogo sana, na kodi ya nyumba moja hulipia maelfu ya jumbe zilizopotea bure.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni yale maneno mawili, jina litakuja. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu mwaka uliofuata, watu wengi wamepata hasara kwa kukosea tarakimu moja, na hatimaye ukawekwa utaratibu wa kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Ni kinga njema, isiyomgharimu mtu ila mtupo mmoja wa jicho. Tapeli hakujisumbua kuivunja. Aliifanya shahidi wake. Anakutajia jina mapema, nawe ukiliona limetokea kwenye kioo kama alivyosema, unapata utulivu wa moyo saa ileile ambayo ungepaswa kushtuka. Simu imetoa ithibati kwamba namba hiyo ni ya jina hilo. Haikusema, wala haiwezi kusema, kwamba mwenye jina hilo ndiye anayekudai.

Nayaandika haya kwa sababu sisi, kila tusikiapo khabari ya wizi mpya, huwa wepesi wa kudai kinga mpya, na wazito wa kuuliza kinga hiyo itagharimu nini, itamgharimu nani, na itaipunguza hatari kwa kadiri gani. Bei ya tahadhari hailipwi kwa fedha peke yake. Hulipwa kwa muda na kwa staha, na wakati mwingine kwa imani iliyopo baina ya mtu na jirani yake, ambayo haina duka inakouzwa ikiisha kupotea.

Pita katika mitaa ya Dar es Salaam utasoma ukutani, kwa rangi nyekundu na mwandiko usiojali uzuri, kwamba nyumba hii haiuzwi. Mgeni hucheka, akastaajabu ni nyumba gani hiyo inayolazimika kutangaza kwamba haipo sokoni. Mwenyeji hacheki, kwa kuwa anazijua njia za hadaa hiyo: mpangaji, au dalali, au mmoja wa warithi katika mirathi ambayo haijagawanywa, humtembeza mnunuzi sebuleni wakati wenyewe wamesafiri, humwonyesha nakala ya hati iliyopigwa muhuri wa kughushi, hupokea arubuni, kisha hatafutiki. Dhidi ya hila hiyo kuna mawakili, kuna mahakama, kuna ofisi za ardhi, na kuna kopo moja la rangi. Mimi, nikiulizwa ni kinga ipi iliyo bora kwa bei yake katika mji mzima, ningelitaja kopo la rangi bila kusita, maana linasema na mnunuzi, ambaye ndiye anayetakiwa kushtuka, wala halimzuii mwenye nyumba kuingia na kutoka. Gharama yake kubwa ni haya: uso wa nyumba unageuka kuwa tangazo la fitina ya ukoo.

Nondo za madirishani ni kinyume chake. Tumezifunga kila dirisha kwa hofu ya mwizi, na mwizi ni hatari ya kweli. Lakini moto ukizuka usiku, nondo hazipambanui anayetaka kuingia na anayetaka kutoka. Fundi wa chuma anaweza kuweka bawaba na kufuli ya ndani katika dirisha moja la chumba cha kulala, kwa nyongeza ya bei isiyozidi matumizi ya siku chache za jikoni. Wangapi humwomba afanye hivyo? Mwizi tunamwota kila usiku, na moto hatuuoti.

Mwezi Mei mwaka 2019 tulianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na muda wa mwisho, uliokuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Watu walipanga foleni jua likiwapiga, wengine wakirudi kesho na kesho kutwa kuitafuta namba ya kitambulisho, na wazee walioshika jembe umri wao wote wakaambiwa kwamba vidole vyao havisomeki. Sisemi kwamba jambo lile halikuwa na faida. Palipokuwa na laini zisizo na mwenyewe, sasa pana jina. Lakini tapeli hakuwa na haja ya kidole chake, alihitaji chako. Ilitosha msajili asiye mwaminifu, chini ya mwavuli wake kando ya barabara, akuambie kwamba kidole hakijasoma, weka tena, na kwa kuweka tena huko ikazaliwa laini ya pili yenye jina lako, ambayo hutaisikia mpaka siku utakapobonyeza *106# ukazihesabu laini zako kama mchungaji ahesabuye mbuzi wa jirani zizini mwake. Gharama waliilipa wote, na faida ikavuja kwenye tundu moja dogo.

Uingereza wameijaribu njia nyingine. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mteja aliyehadaiwa hata akahamisha fedha kwa mkono wake mwenyewe hurudishiwa na mabenki, maadamu hakuzembea kupita kiasi, hadi kufikia pauni 85,000, na hasara hiyo hugawanywa nusu kwa nusu baina ya benki iliyopeleka na iliyopokea. Sipendekezi tuinakili sheria yao, ila asili ya fikra hiyo naiona kuwa ni ya haki. Mimi nauona ujumbe mmoja tu katika simu yangu; kampuni inaweza kuiona namba moja ikipokea fedha kutoka kwa watu kumi wasiojuana, na fedha hizo zikitolewa kwa wakala kabla kahawa haijapoa. Mwenye jicho refu ndiye apaswaye kubeba fungu la hasara, na akiisha kulibeba atajua mwenyewe namna ya kukodoa jicho hilo. Najua jibu litakalotolewa, kwamba ada zitapanda. Zitapanda kidogo kwa kila mtu, na nalipenda hilo kuliko mama lishe mmoja kupoteza mtaji wake wote kwa asubuhi moja.

Ama sisi wenyewe, tumejifunza kinga iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kutomwamini mtu. Miaka miwili iliyopita niliandikiwa kwa namba nisiyoijua kwamba mpwa wangu ameibiwa simu na nauli, yuko stendi ya Mbezi, nimsaidie. Niliufuta ujumbe huo kwa majivuno, nikawahadithia wenzangu barazani jinsi nilivyomshinda tapeli. Kesho yake mchana alibisha hodi mpwa wangu mwenyewe, macho mekundu, amelala juu ya begi lake usiku kucha, na aliyemwazima simu ya kuniandikia alikuwa kondakta asiyemjua kabisa. Hakunilaumu. "Mjomba, hata mimi ningefuta," alisema. Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama.

Basi asubuhi ile ya kodi sikufuta, na sikutuma. Nilimpigia mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote, akacheka sana, akasema, "Namba yangu ni hiihii, bwana, miaka sita haijabadilika," kisha akanieleza kwa urefu khabari za goti lake, ambalo tangu masika limekataa kupanda ngazi, na dawa aliyoletewa na mkwewe kutoka Pemba. Dakika kumi na nne zilikwenda. Kahawa yangu ilikuwa imepoa, na kodi yake nikamtumia.