Mpiga kura wa Ziwa Mweru hana chama chake Marekani

Kila baada ya miaka minne, habari za uchaguzi wa Marekani huwafikia wakazi wa Mununga, makazi ya wavuvi kwenye mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, kupitia redio na simu za mkononi. Hapo huzuka swali: watu wa huku wangepewa kura kule, wangemchagua nani?

Jibu jepesi ni chama cha Republican. Frederick Chiluba aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo mwaka 1991, na tangu 1996 tamko hilo limo katika utangulizi wa katiba. Mwaka 2019 balozi wa Marekani, Daniel Foote, alipokosoa hadharani kifungo cha miaka 15 walichohukumiwa wanaume wawili kwa uhusiano wa jinsia moja, serikali ya Edgar Lungu ilikasirika kiasi kwamba Washington ilimwita nyumbani. Foote, ikumbukwe, aliteuliwa na Donald Trump.

Hata hivyo, mtu yule yule anayekubaliana na wahafidhina wa Marekani kuhusu ndoa hakubaliani nao kuhusu serikali. Warepublican wengi husema serikali ni kubwa mno, ipunguzwe. Kando ya Mweru manung'uniko ni kwamba serikali haifiki. Watu wanataka barabara inayopitika wakati wa masika, zahanati yenye dawa, walimu wa kutosha na mbolea ya ruzuku. Serikali wanayoiona kwa hakika ni ile inayofunga uvuvi kuanzia Desemba Mosi hadi mwisho wa Februari, na hiyo ndiyo wangependa ipungue. Kwa hoja ya kwanza wangehesabiwa miongoni mwa Wademocrat wa mrengo wa kushoto. Kwa ile ya pili, mfugaji wa Wyoming angewaelewa bila mkalimani.

Vyama vya Zambia vyenyewe havilingani na vile vya Marekani. Patriotic Front cha Michael Sata kiliingia madarakani mwaka 2011 kikiahidi kodi ndogo, ajira na fedha zaidi mfukoni mwa mwananchi. Mrithi wake, Lungu, aliunda wizara ya mwongozo wa taifa na masuala ya dini mwaka 2016. Hichilema aliposhinda mwaka 2021 aliifuta wizara hiyo, akaondoa ruzuku ya mafuta na kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, juu ya mkopo wa dola bilioni 1.3. Msomaji wa magazeti ya Marekani angempa jina la Republican papo hapo, ila serikali hiyo hiyo ilifuta karo hadi sekondari, ikaajiri walimu zaidi ya 30,000 kwa mwaka mmoja na kuongeza fungu la maendeleo la kila jimbo kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7. Mkoa wa Luapula, pamoja na hayo, ulimpa Lungu kura nyingi zaidi mwaka 2021. Lugha, historia na kumbukumbu ya Sata zilikuwa na uzito ambao hoja ya ukubwa wa serikali haiwezi kuueleza.

Kwa hiyo siasa za vyama vya Marekani haziwafikii watu wa mwambao kama itikadi. Zinawafikia kama dawa. Mei 2025 Marekani ilitangaza kukata msaada wa dawa wa dola milioni 50 kwa mwaka, ikieleza kuwa dawa zimekuwa zikiibwa na kuuzwa.

Wanaoguswa zaidi hawana kura popote. Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yaliyofunguliwa mwaka 2018, wanaishi Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Hawapigi kura Zambia kwa sababu si raia. Desemba 2023 Kongo iliwaruhusu raia wake walio nje kupiga kura katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Canada na Marekani. Zambia, iliyo ng'ambo ya ziwa, haikuwamo.

Januari 20, 2025, Trump alisitisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, ambao Wakongo walikuwa kundi lake kubwa zaidi kwa miaka kadhaa. Baadhi ya waliotangulia sasa ni raia wa Marekani na wana kadi ya mpiga kura. Wengi wanasali katika makanisa yenye msimamo mkali kuhusu ndoa na utoaji mimba, na kwa hayo chama cha Republican ndicho kinachowavuta. Lakini jamaa zao bado wako Mantapala, na chama hicho ndicho kilichoufunga mlango.