Ramani Si Siri ya Wanajeshi

Ipo kasumba iliyoota mizizi katika ofisi na shule nyingi, kwamba kusoma ramani na kutembea kwa dira ni kazi ya askari peke yake. Mtumishi wa umma akikunjuliwa ramani juu ya meza huitazama kama picha ya ukutani, huisifu rangi zake, kisha humwachia mtaalamu aieleze. Akiisha kuelezwa, hutia sahihi. Kasumba hiyo ni ya hatari, na hatari yake haingoji vita.

Hata vita yenyewe ina somo. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, wakiwa Ulaya, walipatana kwamba mpaka wao magharibi ya Ziwa Viktoria uwe mstari wa nyuzi 1 kusini ya Ikweta. Mstari huo ulipita kaskazini ya Mto Kagera, na nchi ipatayo kilometa za mraba 1,800 ikabaki ng'ambo ya mto, upande wa Tanzania ya leo. Mataifa huru ya Afrika yalipokutana Cairo mwaka 1964 yaliazimia kuiheshimu mipaka waliyoirithi, pamoja na uovu wa walioichora. Lakini Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi hiyo ya ng'ambo, na Novemba 1 ikatangazwa kwamba imetwaliwa na kwamba mto ndio mpaka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mto huonekana kwa macho, mstari wa latitudo hauonekani. Wananchi walilipia hoja hiyo kwa damu, kwa mifugo na kwa nyumba zao, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979.

Wavamizi wa namna ile ni nadra. Anayekuja kila mwaka ni yule mwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imevipa vijiji mamlaka juu ya ardhi yao, na mipaka ya ardhi hiyo huwekwa katika ramani. Sasa ramani ikiletwa mkutanoni, ni nani atakayeisoma? Wazee wanakijua kila kijito na kila mbuyu, ila hawakufundishwa alama zile. Hutazamwa mwalimu na mtendaji, maana ndio wasomi. Nao hutikisa vichwa kana kwamba wameelewa.

Gharama ya kutikisa kichwa inaweza kupigiwa hesabu. Mstari wa mpaka wenye urefu wa kilometa 10 ukipindishwa kwa nyuzi 5 tu, ncha yake husogea zaidi ya meta 870, na kijiji hupoteza pembetatu ya hekta zaidi ya 430. Juu ya karatasi kosa hilo ni upana wa kidole kimoja. Huko mbugani ni malisho, kisima na mashamba ya watu.

Elimu yenyewe si ya kutisha. Katika ramani ya kipimio cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilometa 1. Mistari ya kontua ikisongamana, hapo pana mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare. Ikijikunja kama kiwiko penye mto, kiwiko huelekea mto unakotoka. Namba za gridi husomwa za mashariki kwanza, kisha za kaskazini, na anayezigeuza hujikuta kijiji kingine kabisa. Kaskazini ya dira si lazima iwe kaskazini ya ramani: tofauti yake huandikwa pembezoni mwa ramani, nayo hubadilika kadiri miaka ipitavyo, kwa hiyo ramani ya zamani huhitaji kusahihishwa. Aliyepotea hutafuta vilele viwili anavyovitambua katika ramani. Hupima kwa dira uelekeo wa kila kilele, akaugeuza kwa nyuzi 180, akachora mstari kutoka kileleni kumrudia yeye. Mistari miwili ikatanapo ndipo aliposimama. Kuruta hujifunza hayo akiwa na begi zito mgongoni na usingizi machoni. Mwenye shahada atashindwaje akiwa kivulini?

Lawama nyingine ni ya shule. Mtoto wa shule ya msingi hukariri jina la ramani, ufunguo, dira, kipimio na fremu kama anayekariri beti. Akifika sekondari huanza upya kwa Kiingereza, akahesabu miraba ya kipande cha ramani ya mahali asipopajua, akapata alama zake, akasahau. (Kontua za kilima kilicho nyuma ya shule yake hajaziona kamwe.)

Wapo watakaosema kwamba simu imekwisha maliza taabu hiyo. Simu ni chombo kizuri. Lakini setilaiti za Marekani ambazo ndizo zilizoenea zaidi zinamilikiwa na jeshi la nchi hiyo, na hadi Mei 2000 mawimbi waliyopewa raia wa dunia nzima yalikuwa yakivurugwa kwa makusudi, hata kosa likafikia kiasi cha meta 100. Aliyeyavuruga hakuomba ruhusa kwa yeyote. Tena simu humwambia mtu alipo. Haimwambii kama mstari uliochorwa na mgeni umepita mahali pake.

Mwalimu mwenye ramani ya wilaya yake na dira moja anaweza kukipandisha kidato kizima kilimani Jumamosi moja asubuhi, wakaupima mpaka wa kijiji chao wenyewe. Zipo shule zenye dira hizo. Zimefungiwa kabatini, zisije zikaharibika.