Namba ya Lebo na Kasi ya Kweli: Ramu za Kompyuta Katika Shule za Mbeya

Kila bidhaa inayouzwa kwa namba huwa na namba mbili: ile iliyoandikwa na ile inayopimwa. Wakulima wa viazi wa Uyole na Umalila wanalifahamu jambo hili vizuri. Gunia la lumbesa huitwa gunia moja, ilhali limebeba zaidi ya kilo 100, na mkulima hulipwa kwa jina la gunia badala ya uzito wake. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo imeshindana na lumbesa kwa miaka mingi, na ndiyo maana mizani ni chombo cha haki. Ramu, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, nayo huuzwa kwa namba. Lakini katika vyumba vingi vya kompyuta vya shule hakuna anayeipeleka mizanini. Matokeo yake ni fedha ya wazazi kutumika bure, na wanafunzi kukosa somo zuri la fizikia lililo mbele ya macho yao.

Chukuliwe mfano wa shule ya sekondari jijini Mbeya yenye kompyuta zilizokwisha kutumika ofisini, ambazo prosesa yake ni Core i5-6500 iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 2015. Shule inanunua ramu za aina ya DDR4 zenye lebo ya 3200. Zinapofungwa, Windows inaonyesha kasi ya 2133. Programu nyingine ya upimaji, CPU-Z, inaonyesha 1066. Mwalimu anahukumu kwamba ameuziwa bidhaa bandia. Mwanafunzi anahukumu kwamba kompyuta ni mbovu. Yamkini wote wawili wamekosea. Namba hizo tatu zaweza kuwa za kweli kwa pamoja, na kazi ya elimu ni kueleza kwa nini.

Kwanza, tofauti ya 1066 na 2133. Ramu hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa ya umeme. Katika ramu za DDR, data husafirishwa mara mbili katika kila pigo: mara moja pigo linapopanda, na mara nyingine linaposhuka. Mapigo milioni 1,066 kwa sekunde hutoa safari za data takriban milioni 2,133 kwa sekunde. Basi CPU-Z imehesabu mapigo, na Windows imehesabu safari. Kosa limo katika jina la kipimo. Kwa miaka mingi wauzaji, na hata Windows yenyewe, wameandika megahezi mahali ambapo ilipasa kuandikwa safari za data kwa sekunde. Megahezi ni kipimo cha mapigo. Mwanafunzi wa kidato cha pili akichanganya kilo na nyutoni hukatwa alama. Hakuna sababu ya viwanda kusamehewa kosa la namna hiyohiyo.

Pili, tofauti ya 2133 na 3200. Yeyote aliyesafiri kwa reli ya TAZARA ataelewa haraka. Kichwa cha treni kipya na chenye nguvu hakiwezi kukimbia kupita kiwango ambacho njia inaruhusu, wala hakiwezi kuliacha behewa lililo nyuma yake. Ramu nayo haijiamulii kasi. Prosesa ina kikomo chake, na kikomo cha Core i5-6500 kwa ramu za DDR4 ni 2133. Bodi kuu ina kikomo chake. Ramu nyingine iliyofungwa pamoja nayo ina kikomo chake. Mashine huchagua kasi ambayo wote wanaikubali, nayo ni ya yule aliye mzito kuliko wote. Kuifunga ramu ya 3200 katika kompyuta hiyo si kosa, kwani itafanya kazi salama. Ila fedha ya ziada iliyolipwa kwa ajili ya 3200 haitaonekana popote.

Kuna sababu ya tatu, ambayo huwapata hata wenye kompyuta mpya. Ndani ya kila ramu mna chipu ndogo iliyohifadhi jedwali la kasi. Kompyuta inapowashwa hulisoma jedwali hilo na kuchagua kasi iliyo katika viwango vya JEDEC, chama cha kimataifa kinachoweka viwango vya ramu. Lakini ramu nyingi zinazotangazwa kwa kasi kubwa zimepimwa kiwandani kwa masharti yanayozidi viwango hivyo, kwa mfano volti 1.35 badala ya volti 1.2 za kawaida ya DDR4. Masharti hayo huandikwa katika sehemu ya pekee ya jedwali, iitwayo XMP, ambayo Intel iliianzisha mwaka 2007. Haifanyi kazi mpaka mtu aingie katika bayosi na kuiruhusu. Tena kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi hazitoi ruhusa hiyo kabisa.

Maadamu sababu zinajulikana, uchunguzi wake hauna budi kufuata utaratibu kama jaribio lolote la maabara. Hatua ya kwanza ni kusoma mashine na kuandika daftarini: mapigo, safari, idadi ya chaneli, na jina la prosesa. Hatua ya pili ni kulinganisha namba hizo na maelezo ya watengenezaji wa prosesa na bodi. Aghalabu tatizo huishia hapa, kwani huonekana kwamba mashine inatenda kama ilivyoundwa. Hatua ya tatu ni kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa umeme, na kugusa chuma cha kasha kabla ya kushika ramu. Katika ukavu wa kipupwe cha Mbeya umeme tuli hujikusanya mwilini kwa urahisi. Ramu zitolewe, miguu yake ya shaba isafishwe polepole kwa ufutio laini na kitambaa kikavu, kisha zijaribiwe moja moja. Ramu inayozivuta nyenzake nyuma itajulikana. Hatua ya nne ni kuzipanga ramu mbili zinazofanana katika nafasi zilizoelekezwa na kitabu cha bodi, ili chaneli mbili zifanye kazi pamoja.

Hapo ndipo bayosi ifunguliwe. Ikiwa prosesa na bodi zinaruhusu, kasi iliyotangazwa iwekwe, kisha Memtest86+, programu ya kupima ramu isiyolipiwa, iachwe ifanye kazi usiku kucha. Likionekana kosa hata moja, kasi ipunguzwe. Baadhi ya mafundi hushauri bayosi yenyewe ibadilishwe kwa toleo jipya. Ushauri huo ni sahihi penye umeme wa uhakika tu, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi yaweza kufa. Mwishowe, kama kila kikomo kinaruhusu 3200 na jedwali la ramu yenyewe halina kasi hiyo, hapo ndipo shaka juu ya lebo inapokuwa ya haki, na mwalimu arudi dukani akiwa na daftari mkononi.

Lakini swali kubwa kuliko yote haliulizwi dukani: je, kasi hiyo inahitajika? Hesabu itoe jibu. Kila safari hubeba baiti 8. Ramu moja ya 3200 yaweza kusafirisha baiti milioni 25,600 kwa sekunde. Ramu mbili za 2133, zikifungwa katika chaneli mbili, zaweza kusafirisha zaidi ya milioni 34,000. Ramu mbili za kawaida zimeipita moja iliyosifiwa. Tena, muda wa kusubiri kabla ya data ya kwanza kutoka haupungui kwa kiasi ambacho lebo humfanya mnunuzi adhani. Ramu ya 2133 inayongoja mapigo 15 hutumia nanosekunde 14.1 hivi, ramu ya 3200 yenye kufuata kiwango na kungoja mapigo 22 hutumia 13.75. Tofauti haifiki hata nusu ya nanosekunde. Na katika shule ambayo kompyuta ina gigabaiti 4 tu, na kila programu inayofunguliwa huifanya isote, dawa ni wingi wa ramu kuliko kasi yake.

Atatokea wa kupinga kwa hoja ya haki: aliyelipia 3200 anastahili 3200. Ni kweli, na muuzaji asiyesema kwamba kasi hiyo ni ya XMP, au asiyeuliza ramu inakwenda katika kompyuta gani, hajatimiza wajibu wake. Hata hivyo haki ya mnunuzi hailindwi kwa kuilazimisha mashine ipite kikomo chake. Kompyuta inayokwenda kasi na kukwama mara moja kwa juma, wakati mwanafunzi anaandika kazi yake ya mtihani, ni mbaya kuliko ile inayokwenda taratibu mwaka mzima. Katika shule, uthabiti uwe mbele ya kasi.

Taifa hili lina kumbukumbu ya jambo lililo kubwa zaidi la aina hii. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya matatizo katika hesabu za Serikali, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na marufuku hayo yalidumu kwa miaka mingi. Watu hutofautiana kama uamuzi ule ulikuwa wa busara. Lakini funzo lake halina ubishi: mashine iliyonunuliwa na watu wasio na ujuzi wa kutosha wa kuipima huwa bwana wao, na wakichoka na ubwana wake huitupa nje pamoja na manufaa yake. Mwalimu anayelaani ramu asiyoipima yumo katika njia ileile, kwa kiasi kidogo.

Basi yafaa mambo matatu yafanyike. Shule inapoagiza ramu isiandike "ramu nzuri za kasi". Iandike aina, gigabaiti, safari kwa sekunde, volti, na jina la prosesa itakayozitumia, na isilipe mpaka namba zisomwe mbele ya muuzaji. Pili, neno megahezi liachiwe mapigo, na "safari milioni kwa sekunde" litumike kwa data. Kiswahili, ambacho kina Baraza lake tangu mwaka 1967, kinaweza kuwa sahihi pale ambapo lebo za viwandani si sahihi. Tatu, upimaji wa ramu uwe zoezi la darasani, si siri ya fundi. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi. Wanafunzi wake wakifika katika shule za jirani siku moja kwa muhula, kila kompyuta yaweza kuwa na kadi yake ubavuni, imeandikwa kasi iliyopimwa, tarehe, na jina la mwanafunzi aliyepima.

Kadi hiyo haitaongeza kasi ya mashine hata kidogo. Itakapofika siku ya kununua tena, ndiyo itakayoonyesha kama shule inahitaji ramu mpya, au inahitaji tu ufutio na nusu saa ya uangalifu.