Kodi ya fremu inameza mitaji

Mhariri,

Biashara ndogo ikifungwa, tunaambiwa mwenyewe hakuwa na nidhamu ya fedha. Wapo wa namna hiyo. Lakini hapa Dar es Salaam wengi wetu mtaji hukatika kabla hatujafungua mlango. Mwenye fremu hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, dalali hudai ya mwezi mmoja, na anayehama hutaka kilemba.

Fremu ya shilingi 200,000 kwa mwezi, kwa miezi sita na dalali, ni milioni 1.4 kabla hujanunua hata kiroba cha unga. Rafu zikibaki tupu, mtu hukimbilia mikopo ya kausha damu. Akijikongoja hadi wateja wakamzoea, kodi inapandishwa.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu ni jambo jema, ila sehemu kubwa inaweza kuishia kwa mwenye nyumba. Naishauri serikali iweke sheria: kodi ya fremu ilipwe kwa miezi mitatu mitatu, na mkataba uwe wa maandishi, usiopungua miaka mitatu.

Muuza duka la rejareja,
Dar es Salaam