Msafiri Asitie Chumvi

Wazee husema, "Tembea uone." Mimi naongeza: ukirudi, utuambie uliyoyaona, wala usizidishe.

Nimeyawaza haya kwa ajili ya Bwana Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari wa Poland, aliyezaliwa mjini Pinsk mwaka 1932 na kufariki Warsaw mwaka 2007. Mwaka 1956 alitumwa India. Mwaka 1962 shirika la habari la nchi yake likamleta Dar es Salaam awe mwakilishi wake katika Afrika. Aliugua malaria kali, kisha kifua kikuu, lakini hakukubali kurudi kwao. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, alikwenda mwenyewe kuyaona. Kwa ushujaa huo namsifu sana.

Lakini katika kitabu chake juu ya Afrika, kilichotoka mwaka 1998, aliandika kwamba samaki wa Ziwa Victoria walinenepa kwa kula maiti za watu waliouawa na Idi Amin. Ni kweli Amin aliua watu wengi. Lakini sangara waliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, kabla ya Amin kutawala, na walikua kwa kula samaki wadogo waliowakuta humo. Mwaka 2010 Mpolandi mwenziwe, Artur Domosławski, alitoa kitabu cha maisha yake, akaonyesha kwamba mara nyingine alichanganya aliyoyaona na aliyoyabuni.

Wapo wasemao kuwa Bwana huyu alikuwa msanii, na msanii ana ruhusa ya kupamba. Mimi sikubali. Hadithi hujulikana kuwa ni hadithi, bali habari huaminiwa. Msomaji wa Warsaw angemwuliza nani? Na mvuvi wa ziwani angemjibu kwa njia gani?

Wala mimi sijitoi. Nilipokuwa kidato cha pili niliandika insha juu ya safari ya likizo, nikamtia simba barabarani. Simba huyo sikumwona. Nilipata alama nzuri, na hata leo wadogo zangu wa vidato vya chini huniuliza habari zake. Naona haya kuwajibu.

Basi, ndugu zangu, na tuige miguu ya Bwana Kapuściński na uvumilivu wake, lakini chumvi yake tumwachie. Njia ya mwongo ni fupi, ijapokuwa ameizunguka dunia.